Springi, shokamzoba na matairi ya Land Cruiser ya zamani kwa barabara ya Kasenga

Swali: Fundi, nina pikapu ya Land Cruiser HZJ75 ya mwaka 1996, niliyoinunua kwa kampuni moja ya hapa Lubumbashi. Kiangazi chote ninapeleka bidhaa za duka Kasenga na kurudi na samaki wakavu pamoja na makala (makaa ya kupikia), na mara mojamoja ninapanda kuelekea Mitwaba. Nyuma gari limelala, na likibeba mzigo linagonga raba za ekseli, zile za kuizuia isigonge chasisi, kwenye kila shimo. Shokamzoba za nyuma nimezibadilisha mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na kiangazi kilichopita matairi mawili yalipasuka. Muuzaji mmoja amenionyesha picha za pikapu zilizotayarishwa kwa majangwa ya Namibia na Australia, na ananishauri niinue gari sentimita 5 na kufunga matairi mapana ya matope ya 285/75R16. Fundi wangu yeye anataka kuongeza lame (vibamba vya chuma vya springi) mbili za lori. Pesa haitoshi kufanya yote kwa mara moja. Nianzie wapi? Na hizi rimu za pete, zenye pete ya chuma inayotolewa ili kufungua tairi, niziache au nizitupe?

Jibu: Papa, nakujibu kwanza kwa ufupi, kisha nitakueleza sababu. Anza na springi za nyuma zinazolingana na mzigo unaoubeba kweli, ufuatishe shokamzoba zilizopimwa kwa springi hizo, kisha matairi membamba yenye uwezo wa mzigo unaotosha. Kuinua gari uache, kwa sababu fedha utakayoitia huko itakwisha bila kugusa hata moja kati ya shida tatu ulizoniandikia. Kinacholiua gari lako ni mzigo na joto, na karibu kila ushauri utakaousoma hapa chini unatoka katika mambo hayo mawili.

Muuzaji wako hakukosea kufananisha barabara yako na ya jangwani. Barabara za changarawe za Namibia na za katikati ya Australia zina vumbi, mawe makali, mawimbi yanayofanana na bati, na umbali mrefu bila gereji. Hayo yote unayajua kuanzia Mei hadi Oktoba. Kasoro iko katika picha alizozichagua. Magari yanayofanya kazi ya kila siku huko, yale ya mashamba makubwa na ya migodi, kwa miaka mingi yametembea juu ya tairi jembamba la 7.50R16, lilelile ambalo Land Cruiser 70 nyingi zilitoka nalo kiwandani. Hata tairi la Michelin XS, ambalo wasafiri wa Sahara walilipenda kwa ajili ya mchanga, lina meno mafupi na yaliyotulia, si yale makubwa ya matope unayouziwa kwa jina la jangwa.

Tuanze na mawimbi, kwa sababu ndiyo yanayokula shokamzoba zako. Mara nyingi umbali kutoka kilele kimoja hadi kingine ni kati ya nusu mita na mita 1. Chukua sentimita 80: ukienda kilomita 35 kwa saa, gurudumu hupigwa karibu mara 12 kwa sekunde, na ekseli nzito ya gari kama lako kwa asili yake hupenda kurukaruka kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde. Ndiyo maana mwendo huo unaoonekana kuwa wa busara ndio unaotikisa hadi meno. Ukifika kilomita 60, mapigo yanazidi 20 kwa sekunde, ekseli haiwezi tena kuyafuata, gurudumu linagusa vilele tu, na ndani ya kabini mnaona barabara imekuwa laini. Lakini gurudumu linalogusa vilele halishiki ardhi vizuri. Breki na usukani vinapungua nguvu wakati huohuo dereva anapojisikia salama. Springi na shokamzoba nzuri zinakupa nafasi ya kupita kwa kilomita 45 au 50 bila kuteseka, na hiyo ndiyo faida kubwa unayoinunua.

Sasa mzigo. Kabla ya kununua chochote, lipeleke gari kwenye mizani likiwa tupu na dereva wake, upime ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake, kisha urudi nalo siku ya mzigo wa kawaida, yaani ule wa kila safari, usipunguze kitu kwa sababu ya aibu. Magunia 20 ya kilo 50 ni tani moja kamili, na tani moja ndiyo kadiri ambayo pikapu hii ilitengenezwa kuibeba, ukihesabu na watu ndani yake. Makala yanadanganya macho kwa sababu ni mepesi na yanajaza, kwa hiyo watu hupandisha magunia hadi juu ya kabini, wanaweka samaki juu yake, kisha abiria wanne juu ya samaki. Mzigo wa namna hiyo hauna springi inayoutibu. Ukipanda juu hivyo, gari linaegemea kwenye kona hata kama lame ni mpya, na wanaokaa juu ndio wanaolipa.

Ukishajua uzito wako, nunua springi kwa uzito huo. Watengenezaji huzigawa kwa kadiri ya mzigo wa kudumu, yaani mzigo usioondoka garini, na hapo wengi hukosea kwa kuchukua zile ngumu kuliko zote. Wewe unaandika kwamba unaenda na bidhaa za duka na kurudi na samaki na makala, maana yake safari moja ni nyepesi na nyingine nzito. Kinachokufaa ni springi ya hatua mbili: lame za juu ndefu na laini kidogo zinazofanya kazi wakati wote, na chini yake lame moja au mbili nene, zilizonyooka zaidi, ambazo hazigusi kitu gari likiwa jepesi na huanza kubeba pale tu mzigo unapozikandamiza za juu. Springi ngumu tangu mwanzo itakubebea makala vizuri, lakini njia yote ya kwenda itaifanya ekseli iruke juu ya mawimbi, na mpasuko utakaouona miezi michache baadaye utakuwa kwenye chasisi, mahali panapofungwa springi au shokamzoba.

Kwa sababu hiyohiyo sikubaliani na lame mbili za lori. Fundi wako ana nia njema na anataka gari linyanyuke, lakini ugumu wa lame hauongezeki sawasawa na unene wake: unaongezeka kwa unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Lame ya milimita 10 ina ugumu wa karibu mara 3 ya lame ya milimita 7 yenye upana na urefu uleule. Ukiichomeka katikati ya lame nyembamba, hiyo moja inabeba karibu kila kitu, zile nyingine zinakaa kama abiria, na kwa kuwa mkunjo wake ni tofauti, kuna sehemu inayosukumwa na sehemu inayoachwa wazi. Ukiona lame ya kwanza, ile yenye macho ya kuifungia kwenye chasisi, imevunjika karibu na bolti za umbo la U, mara nyingi chanzo ni mchanganyiko wa namna hiyo.

Kuna njia nyingine inayopendwa hapa mjini, huko Katuba na Kamalondo, ya kuzipasha lame moto kwenye makala na kuzikunja upya kwa nyundo. Chuma cha springi hupata nguvu yake kiwandani kwa kupashwa moto, kupozwa ghafla, kisha kupashwa tena kwa joto dogo lililopimwa. Ukikipasha hadi kiwe chekundu na kukiacha kipoe chenyewe, umeiondoa nguvu hiyo. Gari litasimama vizuri siku ya kulichukua, na baada ya safari chache litakuwa limelala tena. Kama pesa haipo kabisa, afadhali ununue seti kamili iliyotumika kutoka Land Cruiser ya aina ileile, lame zote kutoka gari moja, baada ya kuzifungua na kuzikagua moja moja. Futa kila lame kwa mafuta ya taa, kisha itazame kwenye mwanga wa ubavuni. Ufa mdogo hujionyesha kama mstari wa kutu nyekundu usiofutika, na mara nyingi uko pale ncha ya lame ya chini ilipokuwa ikisugua ile ya juu.

Wakati wa kufunga, weka bolti za U mpya. Za zamani zilikwisha kuvutika, na nati zake zikikazwa tena hazishiki kama mwanzo. Bolti ndogo ya katikati kazi yake ni kuzipanga lame tu. Inayozuia ekseli isisogee ni mbano wa zile bolti za U. Zikilegea, bolti ya katikati inakatika kama kwa mkasi na ekseli inarudi nyuma upande mmoja; dereva anahisi gari linavuta, anadhani ni usukani. Zikaze tena baada ya kilomita 500 za kwanza, gari likiwa chini juu ya magurudumu yake. Bushi, zile zinazokaa ndani ya macho ya springi, zibadilishe zote kwa wakati huohuo, na kwa matumizi yako ningechagua za mpira mzuri kabla ya zile ngumu za plastiki, kwa kuwa mpira humeza mtikisiko na haupigi kelele vumbi likiingia. Usipake grisi kati ya lame. Grisi ikichanganyika na vumbi jekundu la kwetu inakuwa dawa ya kusagia chuma; zikae kavu na safi, hiyo inatosha.

Kuhusu kuinua sentimita 5. Springi mpya zenye nguvu zake peke yake zitalirudisha gari lako kwenye kimo chake, na utashangaa ni kiasi gani lilikuwa limeshuka. Pima leo kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, gari likiwa tupu, andika namba, upime tena baada ya kazi. Kuinua zaidi ya hapo kunahitaji mirija mirefu ya breki, kunabadilisha pembe ya shafti inayokwenda kwenye difu na kuzila krosi zake (viungo vyake), na kama kumefanywa kwa kurefusha viungio vinavyoning'iniza springi za mbele, ekseli inazunguka kidogo na usukani unapoteza tabia ya kujirudisha wenyewe katikati. Magari mengi ya aina hii yana pia vali nyuma inayopima kimo cha mzigo ili kugawa nguvu ya breki. Ukiinua nyuma bila kuirekebisha, vali inadhani gari ni tupu siku zote, na breki za nyuma zinafanya kazi nusu wakati una tani moja mgongoni. Hata kwa springi mpya za kimo cha kawaida, mwambie fundi aiangalie vali hiyo.

Shokamzoba, zile mnazoziita amotisere, zinastahili kusemwa kwa kirefu, kwa sababu kuzibadilisha mara mbili kwa mwaka si jambo la kawaida. Kazi yake ni kuugeuza mtikisiko kuwa joto. Ndani yake kuna mafuta yanayosukumwa kupita kwenye matundu madogo. Mawimbi yakiendelea saa nzima, mafuta yanapata moto sana, yanakuwa mepesi, na yakichanganyika na hewa yanatoa povu, na povu halizuii kitu. Kuanzia hapo springi inacheza peke yake, hadi gari lisimame na kupoa. Gesi ya naitrojeni inayowekwa ndani kwa shinikizo inapunguza povu hilo, na ndiyo faida yake ya kweli. Haiinui gari wala haibebi mzigo, ingawa wauzaji husema hivyo.

Lakini nadhani zako hazikufa kwa joto peke yake. Springi zikilala, shokamzoba inafanya kazi karibu na mwisho wake wa chini, na kwenye kila shimo pistoni inagonga kitako cha silinda kabla ya raba ya ekseli kuupokea mgongano. Hakuna aina ghali inayovumilia hayo. Kwa hiyo usinunue shokamzoba mpya juu ya springi za zamani, hata kama za sasa zinavuja. Zikishafungwa springi, pima: urefu wa shokamzoba ikiwa imebanwa kabisa lazima uwe mfupi kuliko nafasi iliyobaki pale ekseli inapogusa raba yake, na ikiwa imenyooshwa kabisa lazima iwe ndefu kuliko ekseli inavyoweza kuning'inia. Muuzaji asiyeweza kukupa vipimo hivyo viwili kwa milimita, mwache.

Utachagua silinda moja au mbili? Ile ya silinda moja hupoa haraka zaidi, kwa sababu mafuta yanagusa ukuta wa nje, lakini jiwe likiubonyeza ukuta huo pistoni inakwama. Ile ya silinda mbili ina ganda la nje linaloweza kubonyea kidogo bila kuigusa ile ya ndani. Kwa barabara yenye changarawe inayorushwa na magurudumu ya mbele, na kwa mwendo wako usio wa mashindano, nakushauri silinda mbili zenye gesi, na ukiwa na uchaguzi chukua ile yenye pistoni pana na mafuta mengi. Kisha kata kipande cha raba kutoka tairi bovu, ukifunge mbele ya kila shokamzoba ya nyuma kama ngao. Ni kazi ya nusu saa, nami nimeona ngao hizo zikirudi zimechanika kwa mawe huku silinda nyuma yake haina hata mkwaruzo.

Kuna kipimo kimoja ambacho dereva wako anaweza kukifanya bila chombo chochote. Baada ya kilomita 20 za mawimbi, asimame mahali tambarare na anyunyizie matone machache ya maji kwenye kila shokamzoba, asiziguse kwa mkono kwa maana zinaweza kuunguza. Zinazofanya kazi zitakausha maji upesi. Ile ambayo maji yanateremka juu yake bila haraka ndiyo iliyokufa, hata kama haivuji tone. Ukiona pia tope jekundu limejishikiza kuzunguka shingo yake, hapo mafuta yamekwisha kuanza kutoka na vumbi limeyanywa.

Tuje kwenye matairi. Ningependa kwanza ukayatazame yale mawili yaliyopasuka, kama bado yapo uani. Ukiona ndani yake unga mweusi wa mpira na duara lililosuguliwa kuzunguka ubavu wote, tairi lilitembea na upepo mdogo hadi likajipika lenyewe. Ukiona mpasuko wa umbo la nyota au la msalaba mahali pamoja, lilipigwa na jiwe au ukingo wa shimo likiwa na upepo mwingi mno au mwendo mkubwa. Na ikiwa utepe wa meno umebanduka huku ubavu ukiwa mzima, tairi lilikuwa limezeeka au limezidiwa na joto. Kila moja ina dawa yake, na bila kuangalia utanunua matairi mapya yatakayokufa kifo kilekile.

Ukubwa usiubadilishe. Tairi la 285/75R16 lina kimo cha karibu milimita 834, wakati lako lina kiasi cha 805 hivi. Injini yako, ile ya 1HZ, itasikia tofauti hiyo kila inapoanza kupanda na mzigo, na kipimo cha mwendo kitasema uongo. Tena linahitaji rimu ya upana wa inchi 7.5 au zaidi, na rimu zako za pete zina 5.5. Tairi jembamba lenye upepo uliopunguzwa halinenepi sana. Linarefuka pale linapogusa ardhi, na urefu huo ndio unaokuvusha kwenye mchanga wa kando ya mto Luapula. Na kwa kuwa ni jembamba, linakutana na mawe machache zaidi.

Kitu cha kusoma ubavuni mwa tairi, kabla ya jina la kampuni, ni namba ya mzigo. Namba 112 maana yake kilo 1,120 kwa tairi moja, 116 ni kilo 1,250, na 121 ni kilo 1,450. Mizani ikikuonyesha kwamba ekseli ya nyuma ina kilo 2,200, kila tairi limebeba 1,100. Kwa tairi la 112 umebakiwa na kilo 20 tu, na shimo moja linazimaliza. Kwa hiyo wewe usishuke chini ya 116. Matairi ya gari dogo la starehe, hata yakiwa na meno ya kutisha, mara nyingi hayafiki hapo, na wanaoyauza hawaisomi namba hiyo.

Kisha soma tarehe. Katika maandishi ya ubavuni yanayoanza na herufi DOT tafuta tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mitumba mingi inayofika mjini kutoka Ulaya ina meno mazuri na mpira uliokufa, kwa sababu gari lake lilikaa kimya miaka mingi. Watengenezaji wakubwa huweka miaka 10 kuwa kikomo hata kwa tairi lisilotumika, nami kwa barabara ya Kasenga na mzigo wako nisingefunga nyuma tairi lililopita miaka 6. Ukilikunja ubavu kwa kidole gumba na kuona nyufa nyembamba kwenye mizizi ya meno, liache dukani.

Kwa meno, chagua yale ya kati, ya barabara zote, yenye vipande vilivyokaribiana. Meno makubwa ya matope yana mpira mnene unaohifadhi joto, hung'olewa vipandevipande na mawe makali, na hurefusha umbali wa kusimama kwenye lami ya Likasi. Mvua zikianza Novemba utayatamani, sikatai, lakini umeniandikia kwamba kazi yako ni ya kiangazi, na hakuna sababu ya kuyabeba miezi sita makavu kwa ajili ya siku chache za tope.

Rimu za pete unaweza kuziacha, kwa masharti. Faida yake ni kubwa: kijana yeyote kijijini mwenye vyuma viwili vya kufungulia tairi na kiraka anaweza kulifungua tairi na kuziba tyubu. Hatari yake ni kubwa pia. Upepo wenye shinikizo la bar 4 unaisukuma ile pete kwa nguvu ya tani kadhaa, na pete iliyoliwa na kutu au isiyokaa kwenye mfereji wake inaweza kuruka na kuua aliye mbele yake. Toa upepo wote kwa kufungua sindano ya vali kabla ya kulegeza chochote. Safisha mfereji kwa brashi ya chuma. Pete iliyopinda itupe, usiinyooshe. Na wakati wa kujaza, zungushia tairi mnyororo au liweke chini ya gari lenyewe, bomba likiwa refu ili mtu asimame pembeni. Usiruhusu mtu yeyote aigonge pete kwa nyundo tairi likiwa na upepo. Tyubu iwe ya 7.50-16 kamili, inayokubaliwa kwa tairi la radiali, ipakwe unga wa talki ili isisuguane na kuta, na ule ukanda wa mpira unaokaa kati yake na rimu usikosekane.

Ukiamua siku moja kuhamia kwenye rimu za kipande kimoja na matairi yasiyo na tyubu, ukubwa wa 235/85R16 una kimo kilekile cha milimita 806 na unakaa vizuri kwenye rimu ya inchi 6 hadi 7.5. Angalia jambo moja: gari lako lina bolti 6 kwa gurudumu, na Land Cruiser 79 zilizotoka kuanzia 1999 zina 5. Rimu nyingi zinazouzwa kutoka migodini ni za hizo mpya, na hazitaingia. Asikushawishi mtu kuzitoboa upya.

Upepo nimeuacha mwisho, ingawa ndio rahisi kuliko vyote na pengine ndio uliopasua matairi yako. Nunua geji nzuri, iwe yako, usitegemee ya mzibaji. Pima alfajiri kabla gari halijasogea, maana Juni na Julai Lubumbashi huamka kwenye nyuzi 8 hivi na mchana kufika 25 au zaidi, na tofauti hiyo peke yake inahamisha karibu bar 0.3 kwenye tairi lililojazwa sana. Anayejaza mchana wa jua huondoka asubuhi yake akiwa na pungufu bila kujua. Anza na kadiri iliyoandikwa kwenye kibandiko cha gari. Kwa mzigo mzima nyuma, mara nyingi ni bar 4 au zaidi kidogo kwenye lami. Ukiingia kwenye mawimbi unaweza kupunguza nusu bar, ilimradi usizidi kilomita 50 kwa saa, na ukirudi kwenye lami ujaze tena kabla ya kukimbia. Pampu ndogo ya umeme inayofungwa kwenye betri italipa gharama yake kabla ya Oktoba. Kwenye mchanga mzito shuka zaidi, gari likiwa tupu na likienda taratibu, kwa sababu tairi la tyubu lenye upepo mdogo sana linaweza kuzunguka juu ya rimu na kung'oa vali.

Halafu jifunze kuusikiliza upepo wenyewe. Baada ya saa moja ya safari pima tena: kwa tairi la namna hii, ongezeko la karibu bar 0.4 ni la afya. Likizidi hapo sana, tairi linakunjika mno na kujipasha moto. Ongeza upepo asubuhi inayofuata, au punguza mwendo, au punguza magunia. Usitoe upepo kwenye tairi la moto ili kulishusha, kwa kuwa utaliacha na pungufu kubwa zaidi na joto litaongezeka.

Basi, kwa fedha unayoipata kidogo kidogo, mwezi huu fanya mizani, geji na ukaguzi wa matairi yaliyopasuka, ambavyo havigharimu kitu kikubwa. Kisha springi za nyuma pamoja na bushi na bolti zake. Mara tu baada yake, kabla ya safari ya pili, shokamzoba za nyuma, kwa jozi, kamwe si moja. Matairi mawili bora yaende nyuma, yaliyobaki mbele, na ubebe magurudumu mawili ya akiba ukielekea Mitwaba. Za mbele, lame na shokamzoba, zitazamwe wakati huo. Kama hazijalala na hazijavuja, zinaweza kungoja hadi kiangazi kijacho.